Ndege Waliojua Kusoma

Bibi yangu alipofariki na wageni wa msiba wakawa wameondoka, tulikaa uani kwa mama, Viwanja Sitini, tukagawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Shangazi alichukua vitenge viwili ambavyo havijafuliwa hata mara moja, mdogo wangu Fausta akachukua rozari na sufuria ya sikukuu, na zamu yangu ilipofika nikaomba kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limeliwa na kutu, limetobolewa kitako kwa msumari na kupitishwa kamba ya katani, na ndani yake mna mawe manne. Mama alinitazama akidhani msiba umenipanda kichwani.

"Resti, hilo nilikuwa nalitupa jalalani."

"Usithubutu," nikamwambia, na nikalikumbatia kama mtu aliyerithi nyumba.

Nililitikisa palepale. Likalia kwa sauti yake ileile mbaya, na vumbi la mpunga likanipanda puani, lile vumbi linalowasha ambalo kila mtu wa bonde hili analijua. Nikapiga chafya mbili, halafu nikalia, halafu nikacheka. Mtu mzima hapendi kuonekana hivyo, lakini nilikuwa kwetu.

Wenzangu mliosoma enzi za kubeba fagio na kidumu cha maji shuleni mtanielewa nikisema kwamba nilifika darasa la pili sijui kusoma, na hakuna aliyegundua. Siku hizi nauza dawa pale Lumemo, na nusu ya kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari, kwa hiyo wateja wakisikia habari hii watahama. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa wengi, kitabu kimoja watoto watano. Mwalimu anasoma, sisi tunaitikia. Nilikuwa na masikio makali na mdomo mpana, na niliamini kwa moyo wote kwamba huko ndiko kusoma: unatazama karatasi kwa heshima, unasema alichosema mwalimu.

Nisimlaumu mwalimu peke yake. Kila mwaka mpunga ulipoanza kutoa masuke, mama alinitoa shuleni tukavuka mto kwenda shambani kuamia ndege, na hatukurudi mpaka mavuno. Nyumba nyingi za kwetu zilifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Ndege hawana likizo. Mpunga ukiwa bado na maziwa, pasipokuwa na mtu wa kuwafukuza tangu alfajiri mpaka jua linazama, utavuna makapi. Fausta peke yake ndiye aliyesamehewa. Alikuwa na pumu na vumbi la shamba halikumfaa, hivyo alibaki mjini kwa shangazi, akaenda shule kila siku ya Mungu, na akiwa darasa la kwanza tu alikuwa anasoma mabango ya maduka njia nzima bila kuombwa. Nilimpenda mdogo wangu, lakini kuna siku nilitamani apate mafua akauke sauti.

Siku ya aibu yangu Mwalimu Adelina, mwalimu wetu wa darasa, aliniita mbele akanipa kitabu kimefunguliwa. Nikasimama wima, nikasoma kwa madaha habari ya Asha kwenda sokoni, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama hata mara moja. Darasa zima likaangua kicheko. Ukurasa niliopewa ulikuwa wa kuku na vifaranga wake, na picha ya huyo kuku ilikuwa kubwa kama sahani. Sikuelewa wanacheka nini mpaka mwalimu alipoweka kidole chake juu ya kuku na kukiacha hapo.

Tangu siku hiyo sauti ilinipotea. Nikiitwa kusoma, hata zile herufi chache nilizozijua zinakimbia. Nilinong'ona. Mwalimu akisema "sauti!" nilizidi kunong'ona. Haikupita wiki mbili mama akaitwa shuleni.

"Mama Resti, huyu mtoto hajui kusoma," Mwalimu Adelina alimwambia, mimi nikiwa nimesimama hapohapo kama mzigo. "Anakariri tu. Masikio yake yamemdanganya na sisi yametudanganya."

"Na wiki ijayo tunahamia shamba, mwalimu."

"Mnaenda naye?"

"Sasa nani ataamia? Mama yangu miguu imechoka, na mimi nina shamba la pili la kulinda. Ndege wakila ule mpunga, hata hiyo sare ya kuvaa shuleni sitaipata."

Mwalimu alishusha pumzi. Hakuwa mtu mkali, na nadhani alikuwa ameshachoka kusikia habari za mpunga. "Haya. Shule zikifunguliwa baada ya likizo nitampeleka kwa mwalimu mkuu, asome ukurasa mmoja. Akiweza, anaendelea na wenzake. Akishindwa, anarudi la kwanza."

"La kwanza si ndiko aliko Fausta?"

"Ndiko."

Niliona picha yote kwa mara moja. Mimi na miguu yangu mirefu kwenye dawati la watoto wadogo, Fausta pembeni yangu ananisomea kwa huruma, na mwakani Fausta anapanda la pili ananiacha palepale. Mtoto wa pili anampita wa kwanza na mtaa mzima unajua. Nilikuwa nawaogopa mamba wa Kivukoni kama mtoto mwingine yeyote, lakini siku ile ningewachagua mamba. Mwalimu alinipa kitabu kimoja kilichokuwa kimeng'oka jalada. "Nenda nacho," akasema. "Ukirudi nacho kimechafuka nitafurahi."

Daraja lilikuwa halijajengwa. Tulivuka kwa pantoni na magodoro yetu, sufuria na kuku wawili, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa sukari. Shambani kwetu kulikuwa na dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, urefu wa mtu na nusu, chenye ngazi na paa la nyasi. Ukikaa juu yake unaona shamba lote mpaka mwisho. Kutoka dunguni zilipita kamba ndefu hadi kwenye vijiti vilivyosimikwa katikati ya mpunga, na kila kijiti kimening'inizwa makopo yenye mawe. Ukivuta kamba, makopo yote yanalia na ndege wanaruka. Mama alilala nasi lakini mchana alikuwa shamba la pili, ng'ambo ya kijito. Dunguni tulibaki mimi na Bibi, mama yake mama.

Bibi alikuwa mwembamba, mvutaji wa ugoro, na mtani asiye na huruma. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na alidai kwamba babu, Mungu amrehemu, aliponea chupuchupu kwa kufa kabla hajaniona nikila. Mchana kutwa alisuka ukili wa mikeka. Alikaa akinipa mgongo, uso kwenye shamba, miguu ameinyoosha mbele, mikono haipumziki. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo.

Kitabu nilikichomeka kwenye nyasi za paa. Siku ya nne akakiona.

"Mke mwenzangu, hiki kimekuja shamba kulala?"

"Ni cha kusoma, Bibi."

"Basi soma."

Nikanong'ona. Akanitegea sikio, akatikisa kichwa. "Mimi sisikii. Na ndege hawasikii. Huku ukinyamaza unawakaribisha mezani. Hizo hooo na haaa zako unazowapigia tangu juzi wameshazizoea. Wapigie kitabu."

"Nikikosea?"

"Nani atakucheka hapa? Mimi nipo kwenye ukili wangu." Akanigeuzia mgongo.

Nilitazama huku na huku. Kweli hapakuwa na mtu. Palikuwa na mpunga, upepo, na kundi la kweleakwelea limejaa upande wa kijito kama limealikwa harusi. Nikafungua ukurasa wa kuku, kwa sababu yule kuku nilikuwa na kisasi naye. Nikaanza herufi kwa herufi, silabi kwa silabi, kwa sauti ya mtu anayevuka matope. Ku. Ku. Kuku. Ndege wakaendelea kula. Nikarudia. Kuku wa. Nikakwama, nikarudia, jasho likinitoka. Mwishoni nikaukamata mstari mzima, nikaupiga kwa nguvu zangu zote: "Kuku wa Asha ana vifaranga sita!"

Makopo yakalia shamba zima na ndege wakaruka wote.

Nilibaki mdomo wazi. Bibi hakugeuka, mikono yake ilikuwa kwenye ukili vilevile. Kama si yeye aliyevuta kamba, na mikono yake nilikuwa naiona, basi ndege wenyewe ndio waliosikia, na katika kukimbia wakagonga kamba, makopo yakalia. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na nilikuwa na uhakika nayo kuliko hesabu yoyote ya shuleni. Nikajaribu tena. Nikisoma kwa kubabaika, kimya. Nikiufikisha mstari mwisho wake bila kuyumba, makopo yanalia na ndege wanaondoka. Ilikuwa dhahiri. Ndege wa shamba letu walikuwa wanajua kusoma, na walikuwa wanasubiri nipatie.

"Bibi," nikauliza jioni ile, "hawa ndege wamesoma wapi?"

Akavuta ugoro, akafikiri. "Misheni," akasema.

Nikaona jibu linatosha. Watu wengi wa maana niliowajua walikuwa wamesoma misheni.

Kuanzia hapo nilisoma kila siku. Sikuwa nasomea mtihani tena, nilikuwa nalinda mpunga, na kazi hiyo niliijua tangu nikiwa mdogo kabisa. Kitabu kikachafuka kwa udongo wa kombeo na mafuta ya samaki. Lakini kuna asubuhi moja nilikutana na neno refu, walikusanyika, likanishinda kabisa. Nililianza nikaliacha, nikalianza tena, sauti ikawa inapungua kila mara mpaka ikarudi kuwa ule mnong'ono wa darasani. Na ndege nao, kama waliotumwa, wakaja kundi juu ya kundi. Walishuka mpaka karibu na ngazi ya dungu. Nilisikia midomo yao ikibangua punje. Makopo yalikuwa kimya. Bibi alikuwa anasuka.

"Bibi, wanamaliza mpunga!"

"Naona."

"Vuta kamba!"

"Wewe soma."

Nikaanza kulia. Niliona gunia baada ya gunia likiliwa kwa sababu ya ujinga wangu. Mara mama akatokea ng'ambo, anakimbia kwenye maji, khanga imefungwa kiunoni, anapiga kelele kuliko ndege. "Mama! Mmelala humo? Hamwoni? Watatumaliza!"

"Hatujalala," Bibi akamjibu bila kuinuka. "Tunasubiri mstari uishe."

"Mstari gani?"

"Wa mjukuu wangu. Rudi kwenye shamba lako."

Mama akasimama katikati ya kijito, maji magotini, hajui acheke au alie. Ni mwanamke aliyekuwa na haki ya kuvua ndala na kutupiga wote wawili. Lakini hakumbishia mama yake. Akasimama tu, anangoja naye, ndege wanakula. Ndipo kitu fulani kikanipanda, hasira nadhani, hasira ya kuona wanawake wawili wanaacha mpunga wao uliwe kwa ajili yangu. Nikafuta kamasi, nikasimama juu ya dungu, nikalipiga lile neno vipande vipande kisha kwa ujumla: "Wanyama wote walikusanyika mtoni!"

Makopo hayajawahi kulia vile. Anga likawa jeusi kwa ndege. Mama akakaa chini kwenye maji yaleyale, akacheka mpaka akashika ubavu.

Tulivuna kidogo pungufu mwaka ule, na mama hajaacha kuutaja huo upungufu mpaka leo. Ila huutaja kwa kujisifu.

Shule zilipofunguliwa nikapelekwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa miwani na maneno machache. Mwalimu Adelina akasimama karibu na mlango, na mama akabaki nje barazani akisokota ncha ya khanga. "Shikamoo mwalimu," nikasema, nikaitikiwa, nikapewa kitabu. Hakikuwa kile changu. Kilikuwa kipya na ukurasa wake sijawahi kuuona. Nikanong'ona neno la kwanza.

"Sauti," akasema mwalimu mkuu.

Nikainua macho. Dirishani, nje ya uzio, jirani alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai, na shomoro kama ishirini walikuwa wanaula bila aibu. Hapo nikajua la kufanya. Nikawageukia, nikavuta pumzi, nikausoma ule ukurasa kama mtu aliye juu ya dungu, mstari kwa mstari, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya kijito. Kalamu ya mwalimu mkuu ilianguka. Darasa la jirani lilinyamaza. Nilifika nukta ya mwisho, nikatazama dirishani.

Shomoro walikuwa wanaendelea kula.

Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikajua nimekosea kila kitu. Niliona lile dawati la Fausta, nikaangua kilio cha nguvu kuliko kusoma kwenyewe.

"Sasa unalia nini?" Mwalimu Adelina akaja akanishika mabega, naye macho yamelowa. "Resti, umesoma! Umesoma wote!"

"Ndege hawajaondoka," nikasema.

Wakatazamana. Mwalimu mkuu akaokota kalamu yake, akasema, "Huyu abaki la pili. Ila akae nyuma kabisa, darasa litasikia tu." Mama alipoambiwa barazani alishika ukuta. Baadaye aliniambia alikuwa hajala tangu jana yake. Mimi nilikula viazi vitano.

Bibi nilimweleza habari ya shomoro kwa malalamiko. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndege wa mjini hao," akasema. "Hawajasoma."

Niliendelea kuamini hivyo kwa muda ambao sitautaja, maana ni mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Halafu nikakua, imani ile ikafifia yenyewe, na nikabaki nikijua kwamba Bibi alikuwa anavuta kamba kwa namna fulani kila niliposoma sawasawa. Nikiwa kidato cha pili nilimsindikiza ofisi ya kijiji kuandikisha shamba lake. Mtendaji alimsogezea karatasi na kidau cha wino bila kumwuliza lolote, na Bibi bila kuuliza akachovya dole gumba na kuligandamiza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameshika kalamu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Bibi, kwani wewe hujui kusoma?" nilimwuliza tukiwa njiani.

"Ningesomea wapi? Baba yangu alipeleka wavulana."

"Sasa kule dunguni ulijuaje nimepatia?"

"Sikujua."

"Si ulikuwa unavuta kamba?"

"Kwa kidole gumba cha mguu. Nilikuwa nimeifunga hapo." Akanionyesha, akajiona mjanja. "Nilisikiliza sauti tu, mke mwenzangu. Ikitetemeka nasubiri. Ikisimama navuta."

"Na nilipokosea kwa sauti iliyosimama?"

"Basi nilivuta makosa mengi. Wewe uliona ndege wamebaki?" Akatazama dole lake lenye wino, akacheka. "La mguu limekusomesha, la mkono limesaini. Mimi vidole vyangu vyote vina elimu."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliona aibu kidogo, kisha ahueni kubwa. Asubuhi ile ya neno refu, alipoacha mpunga wake uliwe, nilidhani alikuwa anasubiri nijue. Kumbe alikuwa anasubiri niache kuogopa.

Kopo sasa liko kwangu. Binti yangu Dora yuko darasa la pili, hajawahi kukosa shule hata siku moja, hana shamba wala ndege, na mwezi uliopita mwalimu wake aliniita. Anajua herufi zote, akasema, ila akisimama mbele ya watu ananong'ona. Nilirudi nyumbani nimebeba maneno yale kama mtu aliyesomewa hukumu yake mwenyewe. Wiki nzima nilikaa naye mezani. Akikosea namsahihisha, akikosea namsahihisha, na kila nilivyomsahihisha sauti ilishuka. Kosa langu lilikuwa moja: mimi najua kusoma.

Jana nililifunga kopo kwenye nguzo ya baraza, kamba nikaizungusha kwenye kidole gumba cha mguu. Nikakaa na ungo wa mchele, nikampa mgongo, nikamwambia awafukuze kuku waliokuwa wanatunyemelea. Kwa kitabu, nikamwambia. Akashangaa, akacheka, akaanza. Mstari wa kwanza aliukwamia nikatulia, kuku wakadonoa ungo wangu nikatulia. Mara ya tatu aliupiga wote kwa pumzi moja, sauti imenyooka, na katikati akasema "wakaenda" pahali palipoandikwa "wakarudi". Nilisikia. Sahihisho lilinifika mpaka kwenye ulimi, nikauuma.

Nikavuta. Kuku wakatimka huku na huku, na nyuma yangu nikamsikia Dora anafungua ukurasa unaofuata, bila kuambiwa.